Gharama ya Yai: Uzazi wa Majongoo Bahari Katika Maji ya Baridi



Katika bahari ya baridi, mara nyingi yai la jongoo bahari ni mali ya thamani. Mama hulijaza chakula chote atakachohitaji mtoto mpaka aweze kujilisha mwenyewe, na kwa sababu hiyo hutoa mayai machache. Wapo wanaokwenda mbali zaidi: huyabeba mayai hayo mgongoni, huyafunika chini ya tumbo au huyaweka ndani ya mwili, mpaka watoto watoke wakiwa wamekamilika. Nitaeleza kwa nini mambo yako hivyo, na nitatetea dai moja: namna mnyama anavyozaa ndiyo inayoamua kama sehemu ya bahari iliyovunwa itajaa tena au itabaki tupu. Wanaotoa leseni za uvuvi huuliza wanyama wako wangapi. Ni nadra kuuliza wanazaaje.

Nianze na tunayemjua. Jongoo mchanga huokotwa maji ya bamvua yanapotoka, kwenye mchanga wenye majani ya bahari, kuanzia pwani ya Kenya hadi Msumbiji. Jike mmoja akizaa hutoa mayai yanayohesabiwa kwa mamilioni. Kila yai halifiki robo ya milimita, na akiba iliyomo ndani yake ni kidogo. Kibuu anayetoka humo ana mdomo na utumbo, na mara moja huanza kula mwani mdogo sana usioonekana kwa macho. Maji yakiwa na joto la nyuzi 27 au 28 za Selsiasi, na chakula kikiwapo, baada ya wiki mbili hivi hugeuka umbo na kushuka chini. Wengi sana huliwa au hufa njaa kabla ya hapo. Hasara hiyo inavumilika, kwa kuwa kila mmoja wao alimgharimu mama kitu kidogo.

Njia hiyo sasa ipelekeni Newfoundland, mashariki ya Canada, mwezi Machi, ambako maji yanakaribia sifuri, au pwani ya Antaktika, ambako hukaa karibu nyuzi mbili chini ya sifuri bila kuganda kwa sababu ya chumvi. Katika baridi hiyo mwili hukua polepole mno. Yuko mnyama wa miiba wa Antaktika, jamaa wa majongoo bahari, aitwaye Sterechinus neumayeri, ambaye vibuu wake hula kama vibuu wa kwetu. Watafiti walipowakuza maabarani katika miaka ya 1980, ilichukua siku 115 hivi mpaka wakageuka umbo. Siku zote hizo ni za kuelea bila kinga, na ni za kuhitaji chakula. Na chakula cha bahari za huko kina msimu mfupi. Wakati wa giza la majira ya baridi mwani hauoti. Jua likirudi maji hugeuka kijani kwa wiki chache, kisha karamu imekwisha.

Hapo ndipo ilipo asili ya yai kubwa. Ikiwa mtoto hawezi kutegemea chakula cha majini, mama humfungashia cha njiani.

Niseme machache kuhusu mwili wa mnyama mwenyewe. Jongoo bahari yuko katika kundi moja na kiti cha pweza, lakini wakati kiti cha pweza ana tezi za uzazi katika kila mkono, jongoo bahari ana tezi moja tu: fungu la mirija myembamba inayoning'inia ndani ya mwili na kufunguka nje kwa tundu moja karibu na minyiri ya mdomo. Kwa spishi nyingi dume na jike ni wanyama wawili tofauti, ingawa kwa kuwatazama tu ni vigumu kuwatambua. Hawapandani. Kila mmoja huachia chake majini, na maji ndiyo yanayokutanisha.

Mfano bora wa anayeachia mayai majini katika baridi ni Cucumaria frondosa. Anaishi pande zote mbili za Atlantiki ya Kaskazini, kuanzia New England na Canada ya mashariki, kupitia Greenland na Iceland, hadi Norwei na bahari ya Barents. Ni mnyama mnene wa rangi ya kahawia iliyoiva, na akijinyoosha anaweza kukaribia nusu mita. Hali mchanga kama jongoo mchanga wetu. Hujishikiza mwambani, hukunjua minyiri 10 yenye matawi, hunasa kinachopita majini, kisha huingiza mnyiri mmoja mmoja mdomoni na kuusafisha. Tangu miaka ya 1990 Jean-François Hamel na Annie Mercier wamemchunguza kwa subira kubwa, kwanza katika mlango wa mto St. Lawrence na baadaye Newfoundland, na mengi tunayoyajua juu yake yametokana na kazi yao.

Mnyama huyu hukomaza mayai kwa muda wa miezi mingi. Siku zikianza kurefuka, tezi hunenepa. Mwaka 1996 watafiti hao wawili walichapisha ushahidi kwamba wanyama walio karibu hupeana habari kwa njia ya ute wanaoutoa mwilini, hivyo tezi zao hukomaa pamoja. Nauona ugunduzi huo kuwa mkubwa kuliko unavyosifiwa. Mnyama asiye na macho wala masikio, aliyeng'ang'ania jiwe katika maji ya baridi, anajua majirani zake wamefikia wapi. Na lazima ajue, kwa sababu mbegu ya kiume ikitolewa leo na yai likatolewa wiki ijayo, kazi ya miezi yote hiyo imepotea.

Saa ikifika, madume hutangulia kuachia mbegu, na majike hufuata. Katika St. Lawrence jambo hili lilionekana mwezi Juni, sambamba na kuchanua kwa mwani mdogo majini. Newfoundland huwa mapema zaidi. Yai lina kipenyo kinachozidi nusu milimita, kwa hiyo kwa ujazo linalipita la jongoo mchanga makumi ya mara. Limejaa mafuta, na kwa ajili ya hayo hupanda juu na kuelea. Jike hutoa maelfu, mamilioni hayapo. Kibuu hana haja ya kula. Huishi kwa kiini cha yai kwa wiki sita hivi, akiota minyiri mitano ya kwanza, mpaka atakapopata mahali pa kutua, na mara nyingi ni kwenye jiwe au changarawe, katika ufa wenye kivuli ambamo adui hafiki kwa urahisi.

Msikilizaji makini atauliza: ikiwa kibuu hali, kwa nini mama angoje msimu wa mwani? Sababu mojawapo ni kwamba mama mwenyewe hula mwani huo, na aliyetoka kumaliza akiba yake kwa kutengeneza mayai anahitaji kula upesi. Nyingine ni kwamba mwani unapochanua, wanyama wote wa chini hupata ishara moja. Mwaka 1990 ilionyeshwa katika St. Lawrence hiyo hiyo kwamba kome na wanyama wa miiba huachia mayai wakigusana na mwani mdogo. Bahari ikijaa vibuu wa kila aina kwa wakati mmoja, walaji hushiba kabla hawajawamaliza wote.

Siwezi kumwacha mnyama huyu bila kutaja jambo lililotangazwa mwaka 2018. Bruno Gianasi, pamoja na Hamel na Mercier, waliona viinitete vya Cucumaria frondosa vikikutana na kuungana, viwili au zaidi, vikawa mwili mmoja wenye vinasaba vya zaidi ya kiinitete kimoja. Muungano huo hutokea katika hatua moja tu, mara baada ya kiinitete kutoka kwenye utando wa yai. Kabla ya hapo hautokei, wala baada ya hapo. Viinitete vilivyoungana vilikuwa vikubwa mara mbili hadi mara tano ya vya kawaida. Viinitete vya huyu vina desturi ya kujikusanya, na vinavyosongamana zaidi ndivyo vinavyoungana zaidi. Ni dhahiri kwangu kwamba katika maji ambamo ukubwa wa akiba ndio uhai, anayeanza safari na akiba ya wawili ameanza vizuri.

Sasa nije kwa walezi.

Meli ya Uingereza iitwayo Challenger ilizunguka bahari za dunia kuanzia mwaka 1872 hadi 1876, na mkuu wa wanasayansi wake alikuwa Wyville Thomson. Katika kisiwa cha Heard, kusini kabisa ya Bahari ya Hindi, walimpata jongoo bahari mdogo, Psolus ephippifer, ambaye jike lake lina mabamba makubwa mgongoni yaliyoinuliwa juu ya vishina. Chini ya mabamba hayo mna nafasi, na katika nafasi hiyo mayai hukua mpaka yawe watoto. Katika visiwa vya Falkland wakampata mwingine, Cladodactyla crocea, anayeishi juu ya mwani mkubwa wa baharini, jike akiwa amebeba watoto wake kwa safu mgongoni, wakimshika kwa vijiguu vyao. Thomson alishangaa kuona kwamba kusini huko mnyama baada ya mnyama alilea watoto wake, wakati jamaa zao wa bahari za joto huwatupa majini. Upande wa kaskazini nako, mwaka 1894, Theodor Mortensen wa Denmark alieleza jongoo bahari wa maji ya Aktiki, aliyejulikana wakati huo kama Cucumaria glacialis, mwenye mifuko ya kulelea ndani ya mwili.

Njia za kulea ni nyingi kuliko ninavyoweza kuzitaja usiku huu. Psolus antarcticus huficha watoto chini ya wayo anaojishikizia mwambani. Kuna spishi ya Antaktika, Echinopsolus acanthocola, inayoishi juu ya miiba ya mnyama mwingine, na huko huko hulea. Ajabu kubwa kwangu ni Leptosynapta clarki wa pwani ya British Columbia, mnyama mwembamba wa kwenye matope, ambaye huanza maisha akiwa dume na baadaye hugeuka jike. Mayai yake hurutubishwa na kukua ndani ya tezi yenyewe ya uzazi, tangu mwishoni mwa mwaka hadi majira ya kuchipua, na watoto hutoka wakiwa tayari kuishi katika tope lile lile la mama yao. Mary Sewell aliandika kwa kina juu yake miaka ya 1990.

Basi je, ni baridi iliyowafanya walee? Gunnar Thorson, pia wa Denmark, ambaye miaka ya 1930 alichunguza wanyama wa chini ya bahari Greenland ya mashariki, aliona hivyo. Katika maandishi yake makubwa ya mwaka 1950 alieleza kwamba kadiri unavyokaribia ncha za dunia ndivyo vibuu wanaoelea na kula wanavyopungua, na mayai makubwa na ulezi kuongezeka. Wazo lake lilikuja kuitwa kanuni ya Thorson, na lilitawala vitabu kwa miongo kadhaa. Nusu yake ni kweli. Nusu nyingine imeanguka, na inafaa tuone imeangukaje.

Tazameni pwani ya Pasifiki ya Amerika ya Kaskazini. Humo yumo Cucumaria miniata, mkubwa, mwekundu, anayeachia mayai ya kijani yenye kiini kingi yakaelea. Humo humo, baridi ile ile, wamo jamaa zake wa jenasi moja, Cucumaria lubrica na Cucumaria pseudocurata, wadogo, ambao majike yao hutaga katika majira ya baridi na kuyalalia mayai chini ya miili yao mpaka watoto wajitegemee. Pseudocurata hufanya hivyo kwenye miamba inayopigwa na mawimbi, katikati ya kome. Maji ni yale yale na ukoo ni ule ule, lakini njia ni mbili. Baridi imewapa wote yai kubwa. Swali la nani alishike yai hilo halikujibiwa na baridi.

Jibu moja lilijadiliwa mwaka 1982 na Richard na Megumi Strathmann: ukubwa wa mama. Chukua chungu, kisha ufinyange kingine kinachokizidi mara mbili kwa kila upande. Mdomo wake utakuwa na eneo mara nne, lakini kinachoingia ndani ni mara nane. Mayai ya jongoo bahari huongezeka kwa ujazo wa mwili, ila nafasi ya kuyalea huongezeka kwa eneo la ngozi tu. Mnyama mkubwa hana pa kuwaweka watoto wote anaoweza kuwazaa, na walio katikati ya lundo wangekosa hewa. Mdogo anayo nafasi, na tena mayai yake ni machache kiasi kwamba kuyatupa majini ni kubahatisha. Ndiyo maana miniata huachia na pseudocurata hulea.

Antaktika ina jibu la ziada, nalo ni la kihistoria. John Pearse na wenzake walionyesha kwamba wanyama wengi kabisa wa huko, kwa idadi ya vichwa, bado wana vibuu wanaoelea. Ila kwa idadi ya spishi, walezi wamejaa. Maelezo ninayoyaamini ni haya: barafu ilipopanuka mara kwa mara juu ya ukingo wa bara, makundi ya walezi yalibaki yametengana katika vifuko vya bahari, na mkondo mkubwa unaoizunguka Antaktika uliwachukua wengine na kuwatupa mbali. Mtoto wa mlezi hasafiri. Kundi lililotengwa hubaki limetengwa, na baada ya vizazi vingi huwa spishi mpya. Wingi wa spishi zinazolea basi ni zao la kutengana huko. Haulazimu kuwa kulea ndiko pekee kunakofaa katika baridi.

Kilindini, ambako maji ni ya baridi hata chini ya ikweta, hata ukubwa wa yai hauamuliwi na baridi peke yake: kuna Psychropotes longicauda mwenye yai la zaidi ya milimita 4, na kuna Amperima rosea mwenye mayai madogo na mengi, ambaye kuanzia mwaka 1996 aliongezeka ghafla mno katika uwanda wa Porcupine, kusini magharibi mwa Ireland, kina cha mita 4,850. Katika baridi moja yamo mayai makubwa na madogo pia.

Sasa nirudi kwenye dai langu la mwanzo. Mwaka 1998 ulichapishwa utafiti wa vinasaba uliowalinganisha miniata na pseudocurata. Makundi ya miniata yalikuwa yamechanganyika kwa umbali mrefu wa pwani. Ya pseudocurata yalitofautiana. Hilo ndilo jambo ambalo mvuvi na mtoa leseni wanapaswa kulijua. Ukimaliza miniata katika ghuba moja, vibuu wa ghuba nyingine wanaweza kuja. Ukimaliza pseudocurata, hakuna atakayekuja isipokuwa kwa bahati ya kuchukuliwa na jani la mwani lililong'oka.

Hata wanaoelea wasidhaniwe kuwa salama. Mahitaji ya soko la Asia yalipowapunguza majongoo bahari wa kitropiki, wafanyabiashara walielekea kaskazini. Sisi tunaifahamu nusu ya kwanza ya kisa hicho: Tanzania Bara ilipiga marufuku uvunaji mwanzoni mwa miaka ya 2000, na jongoo mchanga leo yumo katika orodha ya dunia ya walio hatarini kutoweka. Nusu ya pili inaendelea Canada na Iceland, ambako Cucumaria frondosa huvuliwa kwa tani nyingi. Mnyama huyu hukadiriwa kuhitaji miaka 10 au zaidi kufikia ukubwa wa kuuzika. Mayai yake ni maelfu tu. Tena, kama tulivyoona, majirani huhitajiana ili wakomae pamoja na mbegu zikutane na mayai. Ukipunguza msongamano, waliobaki wanaweza kuzaa bila kupata mtoto hata mmoja. Kuhesabu wanyama kwa wastani wa eneo zima huficha hatari hiyo: elfu moja waliosongamana juu ya mwamba mmoja ni kizazi, elfu moja waliotawanyika huenda wakawa mwisho.

Lipo la kutia moyo. Mwaka 2019 Hamel, Mercier na wenzao walionyesha kwamba Cucumaria frondosa mzima, akisumbuliwa au msongamano ukizidi, hujijaza maji, hujiachia kutoka mwambani na kubebwa na mkondo. Na jongoo mchanga wetu naye hufanya hivyo. Walikadiria kwamba mwendo huo unaweza kufikia kilomita 90 kwa siku. Kwa hiyo usafiri hauachiwi vibuu peke yao, na ramani za maeneo ya hifadhi, huko na hapa kwetu, zinahitaji kuchorwa kwa kujua hivyo.

Namalizia na Psolus patagonicus wa Argentina. Huyu huishi juu ya magamba ya kombe wa Patagonia, kwenye kina cha mita 100 hivi, na hulea watoto wake chini ya wayo wake. Tangu mwaka 1996 kombe hao huvuliwa kibiashara kwa nyavu za kukokotwa. Gamba likipanda melini, hupanda na mama na watoto wake wote, na hakuna kibuu aliyebaki majini wa kuanza upya. Nawaomba wenye mamlaka juu ya bahari za baridi, na wanafunzi mlio hapa ambao baadhi yenu mtakuja kukaa katika meza hizo: kabla ya leseni yoyote ya kukokota wavu chini ya bahari, ijulikane kwanza ni spishi zipi za huko zinazolea, na sehemu zenye walezi zifungwe kabisa, hata kama anayetafutwa na wavu ni mnyama mwingine.